Wafao Maji, na Nani Mwenye Kazi ya Kuwaopoa



Mwaka mmoja, katika chuo tunamofundisha walimu, tuliwauliza wanafunzi wetu swali ambalo halikuwamo katika kitabu cha somo. Tulisema, "Mmoja wenu akipita ufukoni alfajiri, akamkuta maiti wa mtu asiyemjua ametupwa na maji, atafanya nini?" Darasa likanyamaza. Kisha akasimama kijana mmoja, mtoto wa wavuvi, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, kusema kweli nitapita mbali. Nikienda kutoa habari nitaulizwa mimi maswali, na mashua yetu itazuiwa, na siku yote ya kuvua itapotea." Wenzake walicheka. Lakini tulipowataka wanaokubaliana naye wainue mikono, mikono ilikuwa mingi kuliko tulivyotazamia.

Hatukumkemea, maana hakusema neno la ukatili, alitoa hesabu. Kumwopoa mtu majini kuna gharama zake. Kwanza ni mashua na watu wa kuvuta makasia, au siku hizi mafuta ya mashine; tena ni siku ya kazi iliyopotea; tena ni sanda au jeneza, na kaburi, na wachimbaji wake; na mwisho ni kwenda kwa wakubwa kutoa habari na kungoja mlangoni. Wazee wetu wamesema kwamba maiti haulizwi sanda. Ni kweli. Lakini methali hiyo haikutuambia ni nani aulizwe, hasa ikiwa maiti mwenyewe hana ndugu aliye karibu, wala jina lake halijulikani, wala hapana ajuaye alitoka pwani ipi.

Basi leo tumeazimu kuwasimulia jinsi watu wa nchi moja, yaani Uingereza, walivyosukumwa na misiba miwili mikubwa hata wakalijibu swali hilo kwa sheria. Baadaye tutarudi kwetu ziwani. Tumeichagua Uingereza si kwa sababu watu wake walikuwa wema kupita wengine; mtaona wenyewe kwamba hawakuwa hivyo. Tumeichagua kwa kuwa mambo yao yaliandikwa, na kila hatua waliyoipiga yaonekana, na mahali walipojikwaa paonekana pia.

Katika pembe ya kusini-magharibi ya nchi ile liko jimbo liitwalo Cornwall, lililochomoza baharini mfano wa kidole. Hapo pana ufuko uitwao Loe Bar, nao ni tuta refu la changarawe, upande mmoja bahari kuu na upande wa pili ziwa dogo la maji matamu. Mawimbi ya mahali pale huvunjika kwa nguvu sana, na wenyeji hawaogi hapo. Mwishoni mwa mwaka 1807 Waingereza walikuwa wakipigana vita na Napoleon, na manowari yao iitwayo Anson ilitoka bandari ya Falmouth kwenda kulinda pwani ya Ufaransa. Tufani ikaikamata. Nahodha wake, Charles Lydiard, akajaribu kurudi bandarini asiweze. Akatia nanga, kamba ya nanga ikakatika. Akatia ya pili, nayo ikakatika. Ndipo alipoona kwamba chombo hakiponi, akakielekeza ufukoni kwa makusudi, akitumaini kwamba watu wake watafika nchi kavu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 29 Desemba. Manowari ilikwama karibu kabisa na ufuko, hata watu wa vijiji vya jirani waliokusanyika waliziona nyuso za mabaharia na kuvisikia vilio vyao, wala hawakuweza kuwafikia. Mlingoti mkubwa ulianguka upande wa nchi kavu ukawa kama daraja, na baadhi ya watu wakapita juu yake wakaokoka. Wengine walizolewa na mawimbi. Nahodha naye alikufa. Hesabu ya waliokufa haikuafikiwa. Wako waliosema 60, na wako waliosema zaidi ya hao mara mbili au tatu.

Jambo tunalolitaka hasa lilitokea siku zilizofuata, bahari ilipoanza kuwarudisha maiti. Desturi ya pwani ile ilikuwa hivi: maiti aliyetupwa na bahari, asiyejulikana, hakupelekwa kuzikwa katika uwanja wa kanisa. Alichimbiwa shimo palepale juu ya ufuko au kwenye majabali, akafukiwa pasipo jeneza, pasipo sanda, pasipo sala. Sababu iliyotajwa ni kwamba haikujulikana kama marehemu alikuwa Mkristo. Sababu hiyo tumeisikia, lakini haitutoshi; maana hawa walikuwa mabaharia wa manowari ya mfalme wao wenyewe, na hapana aliyewadhania kuwa watu wa dini ngeni. Sisi twaona ilikuwapo sababu nyingine nyuma yake, nayo ni ileile ya mwanafunzi wetu. Kila mtaa wa kanisa ulikuwa ukitoza fedha za kuwatunza maskini wake wenyewe, na mtaa wa pwani ukizikwa na mzigo wa wafu wa dunia nzima, nani angeulipa?

Watu wengi walioyaona mashimo yale waliona haya. Mmoja wao alikuwa mwanasheria wa mji wa Helston, jirani na ufuko ule, jina lake Thomas Grylls. Yeye hakuishia kusikitika. Aliketi akaandika mswada wa sheria, na mjumbe wa jimbo lile katika Bunge, John Hearle Tremayne, akaupeleka London. Sheria ikapita mwezi wa Juni mwaka 1808, hata miezi sita ilikuwa haijatimia tangu manowari kuvunjika.

Tuitazame sheria ile kwa makini, kwa kuwa ilitungwa na mtu aliyeijua mioyo ya watu. Iliamuru kwamba maiti yeyote atakayetupwa na bahari katika mtaa, wazee wa kanisa na waangalizi wa maskini wa mtaa huo wamchukue, wamweke mahali pa heshima, na kumzika katika uwanja wa kanisa kwa taratibu za mazishi. Hapo kazi ilipewa mwenyewe. Tena yule aliyemkuta maiti na kutoa habari apewe shilingi 5. Na aliyemkuta akanyamaza atozwe pauni 5. Wanafunzi, pigeni hesabu: pauni moja ya siku zile ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo adhabu ya kunyamaza ilikuwa mara 20 ya zawadi ya kusema. Na lililo kubwa kuliko yote, gharama za mtaa zilirudishwa kutoka hazina ya jimbo zima. Mtu aliyekaa bara, mbali na bahari, ambaye hajapata kuona wimbi maishani mwake, alichangia kaburi la baharia asiyemjua. Kijiji cha pwani hakikuachwa peke yake na mzigo kwa sababu tu kilikuwa pwani.

Hapa inatupasa kutaja habari ya mtu mwingine wa mji uleule wa Helston. Siku manowari ilipovunjika, ufukoni alikuwapo seremala mmoja, Henry Trengrouse, akawatazama watu wakifa mbele yake kwa kukosa kamba ya kuwafikia. Aliporudi nyumbani hakuweza kulisahau jambo lile. Akatumia miaka na mali yake kutengeneza fataki yenye kuchukua kamba nyepesi kutoka chomboni hata nchi kavu, ili kamba hiyo ivute nyingine nene, na watu wapite juu yake. Mwaka 1818 aliionyesha mbele ya wakubwa wa manowari, nao wakaisifu. Serikali ikamlipa pauni 50, na Trengrouse akafa maskini mwaka 1854. Basi msiba mmoja uliwaamsha watu wawili, mmoja akiwaangalia wafu na mwingine akiwaangalia walio hai. Na yule wa wafu alisikilizwa katika miezi sita, ilhali yule wa walio hai alibisha hodi kwa miaka kumi. Kwa nini ikawa hivyo? Labda ni kwa kuwa mfu hagharimu ila mara moja, na chombo cha kuokolea lazima kinunuliwe kabla msiba haujaja, wakati ambapo hapana anayelia.

Na kuwaokoa walio hai kulikuwa kumekwisha kushughulikiwa kabla ya hapo, lakini na watu wa hiari, si na sheria. Huko Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi yenye mifereji mingi, chama cha kuwaokoa wafao maji kilianzishwa mwaka 1767. Na mwaka 1774 waganga wawili, William Hawes na Thomas Cogan, wakaanzisha chama cha namna hiyo London. Walikuta kwamba hata wenye vilabu na nyumba za wageni walikuwa wakikataa kumpokea mtu aliyetolewa mtoni, asije akafia kwao wakapata taabu. Chama kikawaahidi gini moja kila atakayemfungulia mlango mtu wa namna hiyo. Milango ikafunguka. Tunalitaja kwa sababu lafanana na zile shilingi 5: watu hawa hawakuhubiriwa tu wawe na huruma, bali waliondolewa kwanza hofu ya hasara.

Sasa tuvuke miaka 70, tutoke baharini tuingie mtoni. Mto Thames hupita katikati ya London kwenda baharini, na maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata bahari. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878, meli ya moshi iitwayo Princess Alice ilikuwa ikirudi mjini imejaa watu waliokwenda kutembea: baba, mama na watoto wao, wengi wao watu wa kazi waliopata siku moja ya kupumzika. Karibu na Woolwich ikagongana na Bywell Castle, meli kubwa ya kuchukulia makaa. Princess Alice ilikatika vipande viwili, na kwa muda wa dakika chache ilikuwa imezama. Waliokufa walizidi 600. Na mahali penyewe palikuwa pabaya, kwa maana muda mfupi kabla ya hapo maji machafu ya mji mzima yalikuwa yamefunguliwa kuingia mtoni. Maiti walifura upesi, na nyuso zao zikaharibika hata ndugu zao hawakuwatambua ila kwa nguo, au pete, au ufunguo mfukoni.

Watu wa mashua waliitwa kuwatafuta, wakalipwa si chini ya shilingi 5 kwa kila maiti. Mtaona kwamba zawadi ileile ya mwaka 1808 ilikuwa imekwisha kuwa desturi. Lakini fedha ni kama kisu, hukata pande zote. Ikatokea kwamba mashua mbili zilimfikia maiti mmoja, na wenyewe wakagombana juu yake. Hatulisemi hili ili kuwadharau wapiga makasia wale. Walifanya kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza hata saa moja, na kwa siku nyingi. Twalisema ili ijulikane kwamba malipo pasipo msimamizi huzaa aibu yake.

Maiti wengi waliletwa Woolwich, wakapewa namba, wakalazwa katika gati ya zamani ya manowari, na ndugu wakapita wakiwaangalia mmoja mmoja. Waliobaki bila kutambuliwa walikuwa 120, wakazikwa pamoja katika makaburi ya Woolwich. Ndipo lilipokuja swali la fedha. Waangalizi wa maskini wa Woolwich walikuwa wametumia fedha za mtaa wao, wakataka kurudishiwa na hazina ya jimbo, kwa kufuata sheria ya mwaka 1808. Wakajibiwa, "Sheria yataja bahari. Watu hawa walikufa mtoni." Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1881 ikaamuliwa kwamba Thames mahali pale si bahari. Mtaa wa Woolwich ukashindwa.

Mtu aweza kuwacheka mahakimu wale, lakini sisi twaona walifanya kazi yao sawasawa, maana hakimu huisoma sheria kama ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa la uandishi. Grylls aliandika akiwa na Loe Bar mbele ya macho yake, na mbele ya macho yake hapakuwa na mto. Ilichukua miaka mingine mitano. Mwaka 1886 Bunge likaiongeza sheria ile ifike katika maji yote yanayopanda na kushuka na yote yapitikayo na vyombo. Katika miaka hiyohiyo polisi wa Thames, waliokuwa wakizunguka kwa makasia, walianza kupewa mashua za moshi. Na mwaka 1948 sheria nyingine ikatoka, ikawapa mabaraza ya miji na wilaya wajibu wa kumzika mtu yeyote afaye au akutwaye amekufa katika eneo lao, ikiwa hapana mwingine wa kumzika. Tangu hapo haikuulizwa tena kama alitoka baharini, mtoni au nchi kavu.

Basi turudi kwetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli yetu MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Wasikilizaji walio watu wazima wanaikumbuka siku ile bila kukumbushwa. Kwa muda meli ilielea kifudifudi, na watu waliokuwamo ndani walisikika wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikazama. Hesabu iliyotajwa mara nyingi ni watu 894. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini kusaidia kuwaopoa, na wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, nje ya mji wa Mwanza, mahali ambapo mpaka leo watu huenda kuwakumbuka. Aliyetoboa tundu hakukosa huruma. Kilichokosekana ni watu waliokwisha kufundishwa kazi ile kabla ya siku ile, na vyombo vyao vikiwa tayari.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, gati ikionekana kwa macho. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Waliookolewa walikuwa 41, na mmoja wao, fundi wa mitambo, alikutwa hai ndani ya chombo kilichopinduka siku ya pili baada ya ajali, na wazamiaji wakamtoa. Waliokufa walikuwa 228. Usiku wa kwanza kazi ilisimama kwa sababu ya giza, ikaendelea kulipokucha. Tunapowafundisha vijana habari hii hatuwezi kuupita usiku ule kwa haraka, tukijua kwamba mle ndani alikuwamo mtu hai.

Na pwani ya Kenya, katika kivuko cha Likoni, Mombasa, gari liliteleza likaanguka baharini tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na watu wawili. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku hizo zote watu walisimama ufukoni wakitazama maji, kama watu wa Cornwall walivyosimama, na swali lililosikika kila mahali, hata katika magazeti, lilikuwa lilelile: kazi hii ni ya nani, na mbona mwenye kazi hana vyombo vya kuifanyia?

Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitua Bukoba ilianguka ziwani, hatua chache kutoka nchi kavu. Ndani yake walikuwamo watu 43, wakaokoka 24. Kwa mara nyingine wavuvi walitangulia. Kijana mmoja mvuvi aliyefika kwanza alipewa na Serikali shilingi milioni moja, tena akachukuliwa kuandikwa katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Fedha zile zilikuwa halali yake. Lakini sisi tulifurahia zaidi lile jambo la pili. Zawadi hulipa kazi ya jana. Kumwandika kazini ni kukubali kwamba kesho nayo ina maji.

Mwanafunzi wetu yule, tulipokwisha kumsomea sheria ya mwaka 1808, aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, na mashua ikizuiwa, sheria hiyo inalipa samaki waliopotea?" Tuliifungua tena pale mbele ya darasa. Hailipi.

Na wale mabaharia wa Anson, ambao kwa ajili yao sheria ilitungwa, hawakupata faida yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufukiwa. Walibaki chini ya changarawe za Loe Bar na majani ya kando yake. Mwaka 1949 ukasimamishwa hapo msalaba mweupe. Maandishi yake hayataji majina yao. Yasema kwamba ni watu wapatao 100, na kwamba walizikwa hapa jirani.